Arosto imeisha, mbona amerudia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 28 na huu ni mwaka wa saba anatumia unga (heroini). Mwaka jana mjomba alimchukua hadi kwa bibi Muheza, wakamfungia chumba cha uani siku tisa. Alitapika, aliharisha, alilia kama mtoto, lakini arosto ikaisha na akaanza kunenepa. Alikaa miezi minne bila kugusa. Tulipomrudisha Kinondoni hata wiki haikuisha, tukamkuta chooni amezimia, midomo ya bluu. Mungu alisaidia. Sasa mwenyewe anataka kuanza methadoni, ile dawa ya kliniki ya kumtoa mtu kwenye unga. Mama anasema huko ni kumtoa kwenye unga wa mtaani na kumtia kwenye unga wa serikali. Mjomba anataka tumfungie tena, safari hii mwezi mzima. Nisichoelewa ni hiki: kama damu yake ilishasafishika, alirudia kwa nini? Na hiyo methadoni si ulevi uleule? Halafu usiku anameza valiamu na pombe kidogo ili apate usingizi, sijui kama hilo nalo lina shida. (Dada mtu, Kinondoni)

JIBU: Marahaba, dada. Pole kwa mliyoyaona chooni, na hongera kwa kumfikia angali na pumzi.

Niruhusu nianzie mwisho, kwenye valiamu na pombe ulizozitaja kama nyongeza, maana ndizo zilizonifanya nikujibu haraka. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, inatesa sana, lakini kwa kijana mwenye afya anayepata maji ya kunywa ni nadra kuua. Ya pombe na ya valiamu watu hawaiogopi, na hiyo ndiyo inayoua. Pombe na vidonge vya jamii ya valiamu hukanyaga breki ya ubongo. Ubongo ukikanyagiwa breki kila usiku kwa miezi, nao huzoea kukanyaga mafuta ili mtu aweze kuamka na kutembea. Siku breki inapoachiwa ghafla, mafuta yanabaki yamekanyagwa. Kwa mnywaji mkubwa mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache, degedege huja kati ya saa 6 na 48, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka: anaona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Zamani, kabla ya tiba, hali hiyo iliweza kuua hata mgonjwa mmoja kati ya watatu. Valiamu nayo hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo degedege lake linaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi, wakati familia imeshalegea na kusema kijana amepona.

Unasema "pombe kidogo". Miaka yangu yote kazini sijapata kumsikia ndugu wa mgonjwa akitaja nyingi. Inaweza kuwa kipimo kimoja, inaweza kuwa chupa, na vidonge vinaweza kuwa kimoja au kumi. Mpaka hesabu hiyo ijulikane, mjomba asifunge mlango wowote. Valiamu hupunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa wiki kadhaa, chini ya daktari, na pombe ikiwa nyingi huachwa hospitalini.

Sasa tuje kwenye unga.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini muda si mrefu, na mofini huenda kukalia vipokezi, viti vidogo kwenye seli za ubongo, ambavyo havikuumbwa kwa ajili yake. Vipo kwa ajili ya endofini na ndugu zake, dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea wenyewe. Watafiti walivitambua vipokezi hivyo mwaka 1973, na 1975 ndipo wakazipata zile kemikali za mwili zinazovikalia. Chini ya ubongo, kwenye shina lake, kuna kifungu kidogo cha seli zinazomwaga noradrenalini, ile kemikali inayokurusha pembeni bodaboda ikipiga honi nyuma yako. Fikiria seli hizo ni mpiga ngoma, na unga ni blanketi ulilofunikia ngoma yake. Mpiga ngoma lazima asikike, kwa hiyo anaongeza nguvu. Unaongeza blanketi la pili, naye anaongeza tena. Baada ya miezi, blanketi na nguvu za mpigaji vinalingana, na kijana aliyekwisha kuvuta kete yake, kile kipimo kimoja cha unga, anaonekana mtu kama watu wengine. Ndiyo maana mtumiaji wa siku nyingi atakwambia haoni raha tena. Anavuta ili akate arosto, basi.

Blanketi likivutwa ghafla, unausikia mdundo mtupu. Kila kitu ambacho unga ulikuwa umekishusha kinaruka juu. Unga hufunga choo, arosto inaharisha. Unga hufinya mboni za macho hadi kuwa kama nukta, arosto huzitanua. Unga husinzisha, na kwenye arosto usingizi haupo kabisa, miguu inarusha mateke usiku kucha. Unga hukata kikohozi, na hiyo ndiyo kazi ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliuuzia tangu 1898, dawa ya kikohozi kwa jina la heroini. Arosto ni chafya mfululizo, miayo, machozi na kamasi. Vinyweleo vinasimama, mifupa inauma kama inapasuliwa. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua hadi kati ya siku ya tano na ya kumi. Siku tisa za Muheza zililingana na vitabu vyetu. Mjomba hakukosea hesabu, na mwambie nimesema hivyo, maana wazee kama yeye tukiwaanza kwa lawama hawatusikilizi.

Isipokuwa alibahatisha jambo moja. Mtu anayetapika na kuharisha siku tatu katika chumba kilichofungwa anaweza kufa kwa kukaukiwa maji, na mahabusu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali, askari wakiona ni "arosto tu". Angekuwa ni mwanamke mjamzito ingekuwa hatari zaidi, kwa sababu arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Mjamzito hatukatishi unga ghafla, tunamhamishia methadoni.

Damu yake, dada, ilisafika ndani ya siku mbili tatu. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye damu, kila aliyelala mahabusu wiki moja angetoka mzima. Hapa kuna mambo mawili ambayo mtaani tunayaita kwa jina moja. La kwanza ni utegemezi wa mwili, yaani mpiga ngoma aliyeongeza nguvu. La pili ni uraibu, yaani mtu kushindwa kujizuia hata anapoona anapoteza kazi, mke na heshima. Mara nyingi yanatembea pamoja, lakini yanaweza kutengana. Mgonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road anayekunywa mofini ya maji kila baada ya saa nne, wiki chache zikipita mwili wake umeshakuwa tegemezi. Mkatie ghafla, atapiga miayo, atatoka kamasi na kuharisha kama mdogo wako. Lakini haibi simu ya mtu, na saratani ikitibika anapunguziwa dozi taratibu hadi anaachana nayo bila kuikumbuka. Huyo ana utegemezi bila uraibu. Mdogo wako, akiwa Muheza mwezi wa tatu, mnene, anapalilia shamba la bibi, alikuwa na uraibu bila utegemezi. Mlimtazama mwili mkaona kazi imekwisha.

Hasira yangu moja niitoe hapa: neno "teja" tunamtupia kila mtu ambaye mwili wake umezoea dawa, na kwa ajili hiyo wapo wagonjwa wa saratani wanaokataa mofini na kufa kwa maumivu, wakiogopa kuitwa hivyo na watoto wao.

Turudi Kinondoni. Kwa nini Muheza miezi minne aliweza, na huku wiki haikuisha? Miaka ya 1940, daktari Abraham Wikler akiwa katika hospitali ya serikali ya Marekani huko Lexington, Kentucky, alikuta wagonjwa waliokaa miezi bila mofini, hawana dalili yoyote, wanaomweleza kwamba waliporudi mtaani kwao na kupita pale walipokuwa wakinunulia, machozi na kamasi vilianza kutoka na tumbo kukata. Ilikuwa arosto, ingawa mwilini hamkuwa na kitu. Ubongo ulikuwa umejifunza kwamba kona hii, sura hii, harufu hii ya karatasi ya fedha inayounguzwa, maana yake unga unakuja, nao unajiandaa kabla haujafika. Maandalizi yenyewe ndiyo hayo mateso. Muheza hakuna kona hiyo. Kinondoni ipo, na huenda ni ileile anayopita kwenda kukununulia vocha.

Mfano mkubwa zaidi ni wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam mwaka 1971. Mtafiti Lee Robins aliyewafuatilia alikuta karibu mmoja kati ya watano alikuwa ametegemea heroini huko. Serikali ilijiandaa kupokea jeshi la waraibu. Waliporudi nyumbani, katika mwaka wa kwanza waliorudia uraibu walikuwa kama 5 tu katika kila 100 ya hao waliokuwa wametegemea. Waliuacha unga na mahali pake kwa pamoja, wakarudi kwenye kazi, wake na wazazi. Mdogo wako alifanya safari hiyo kinyume: mlimtoa mahali pa unga kwa muda, kisha mkamrudisha palepale, bila kazi, na marafiki walewale wakimsubiri maskani.

Na sasa midomo ya bluu. Hapa naomba mama na mjomba wasomewe kwa sauti.

Mwili uliozoea unga unavumilia dozi ambayo ingekuua wewe na mimi. Uvumilivu huo unaanza kuyeyuka pamoja na arosto, na baada ya wiki chache umekwisha. Kichwa hakisahau. Kichwa kinakumbuka kwamba "mimi wa kete tatu", na mkono unatii kichwa. Unga huua kwa kuzima upumuaji: kile kituo cha ubongo kinachokukumbusha kuvuta pumzi ukiwa usingizini kinanyamaza, na mtu anakufa amelala. Watafiti wa London waliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa unga mwilini, wakatoa matokeo mwaka 2003. Ungetegemea waliokufa kwa kuzidisha dozi wawe wale walioshindwa na kutoroka. Walikuwa ni kutoka kundi la waliomaliza vizuri, wale ambao mwili wao ulikuwa umepoteza mazoea kabisa. Hatari hiyohiyo inawaandama wanaotoka gerezani, hasa wiki mbili za kwanza.

Kuna na kitu cha chooni. Mwaka 1982 mtafiti Shepard Siegel aliwazoesha panya heroini katika chumba kimoja, halafu akawapa dozi kubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea walikufa asilimia 32. Wenzao, waliozoea kiasi kilekile lakini wakapewa dozi hiyo katika chumba kigeni, walikufa asilimia 64. Mahali penye mazoea mwili unajiandaa, pageni unakutwa haujajiandaa. Mdogo wako alizoea kuvutia maskani, na siku ile alijificha choo cha nyumbani, peke yake, baada ya miezi minne. Siwezi kuapa kwamba choo kilichangia, lakini sishangai.

Kwa hiyo mpango wa mjomba wa kumfungia mwezi mzima nauona hivi: arosto itaisha siku zilezile tisa, siku ishirini na moja zilizobaki zitamalizia uvumilivu uliobaki, na mtamfungulia mlango akiwa katika hali ya hatari kuliko alivyoingia. Kumfungia huko hakujawahi kutibu uraibu. Soba hausi nzuri, yaani nyumba wanakoishi waraibu wanaoacha, ni jambo lingine, kwa sababu huko kuna wenzake, kuna kazi za mikono, na anajifunza kuishi. Ila ile inayofunga watu minyororo, au inayopokea mlevi wa pombe na valiamu bila kuwa hata na muuguzi, usimpeleke.

Mama naye nakubaliana naye nusu. Methadoni ni ya ukoo uleule wa mofini, inakalia vipokezi vilevile, na mwili wa mdogo wako utaendelea kuwa tegemezi. Tena akiikatisha ghafla arosto yake huchelewa siku moja au mbili kuanza na huburuta wiki mbili, tatu, au zaidi. Hayo sitamficha. Nusu nyingine ni mwendo wake. Unga unapanda kwa kasi na kushuka baada ya saa chache, kwa hiyo mtu wa unga kwa siku moja anapanda na kuanguka mara tatu, mara nne, na kila anguko linamtoa nyumbani kwenda kutafuta fedha kwa njia yoyote. Methadoni inayonywewa hupanda polepole na kudumu siku nzima na zaidi. Ikishafikia dozi yake sahihi haimsinzishi wala haimpi stimu, inaiweka ngoma kwenye sauti moja. Akivuta unga juu yake anakuta viti vimeshakaliwa, fedha yake imepotea bure. Kwa maneno niliyotumia juu, tunamhamisha kutoka kwenye uraibu wenye utegemezi hadi kwenye utegemezi bila uraibu, alipo yule mgonjwa wa Ocean Road. Madaktari Marie Nyswander na Vincent Dole walianza tiba hii New York katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na Mwananyamala ikafuata 2012, ambayo kwenu ni jirani. Dawa ni bure. Nauli ya kila siku si bure, na niseme ukweli, nimeona wengi wakishindwa kwa nauli kuliko kwa tamaa ya unga. Hapo ndipo fedha ya mjomba ya kuleta kufuli ingefaa.

Methadoni nayo inaua ikichezewa. Siku ya kwanza dozi haizidi miligramu 30, kisha inapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, wengi wakitulia kati ya 60 na 120. Kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, dozi ya leo inapanda juu ya mabaki ya jana, na ile isiyomtosha siku ya kwanza inaweza kumzidi siku ya nne au ya tano bila kuongezwa hata tone. Wiki mbili za mwanzo bado atasikia arosto jioni, na atashawishika kujazia kwa kete, au kwa valiamu na pombe zake za usiku. Mchanganyiko huo ndio unaosimamisha pumzi. Ndiyo maana nasisitiza kwenye dirisha la kliniki aseme kila alichomeza jana, hata kama ni cha kuazima kwa jirani. Hawatamfukuza, watapanga dozi vingine.

Akija kupata kifua kikuu, jambo ambalo kwa watumiaji wa unga si geni, kliniki zote mbili, ya methadoni na ya kifua kikuu, zijue. Niliwahi kumpokea kijana aliyekuwa ametulia miezi minane, ghafla akaanza kulalamika arosto kila usiku. Wahudumu wa kwanza waliomwona walimwona mwongo anayetaka dozi kubwa. Alikuwa ameanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayolifanya ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi ilipoongezwa alitulia, na alipomaliza dawa za kifua ikabidi ishushwe tena kwa uangalifu. Baadhi ya dawa za zamani za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi, hufanya vilevile.

Mkimkuta tena amezimia, anakoroma au hapumui: mwiteni na msugueni kwa nguvu mfupa wa kifuani, asipoamka mpigeni pumzi mdomo kwa mdomo huku mwingine akitafuta gari. Akiwa anapumua mwenyewe, mlazeni ubavu ili matapishi yasimpalie. Maziwa, maji ya chumvi na ndoo ya maji baridi viacheni. Hospitalini ipo sindano ya naloksoni inayoutoa unga kwenye vipokezi ndani ya dakika chache, ataamka na arosto na hasira, atataka kuondoka hapohapo. Msimruhusu. Sindano hiyo huisha nguvu mapema kuliko unga, na mapema zaidi kuliko methadoni, naye anaweza kuzimika tena akiwa kwenye daladala.

Utaniuliza ataacha lini methadoni, maana kila mama huuliza. Chini ya mwaka mmoja sishauri hata kuanza mazungumzo hayo. Baadaye, akiwa na kazi na hajagusa unga kwa muda mrefu, dozi inaweza kushushwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, na atakwambia miligramu kumi za mwisho ni ngumu kuliko hamsini za mwanzo. Wapo wasioacha, wanakunywa asubuhi kisha wanakwenda kazini.

Jumatatu nenda naye kliniki wewe mwenyewe. Aende asubuhi, asiwe amevuta wala kunywa, maana akifika anasinzia hawatampa kitu siku hiyo. Vidonge vyake vya usiku vilivyobaki vitie kwenye mfuko, na pakiti zake tupu pia, uende navyo.